Kifua-Cheupe na Shingo-Nyoka

15 Mei

Leo wamefunga ziwa. Miezi mitatu hakuna kutupa nyavu wala kuuza ndagala, dagaa wetu wa ziwa; wanasema samaki wapate kuzaa. Mitumbwi imevutwa juu ya muchanga na wavuvi wa Makobola wamekaa kando yake kama watu waliofiwa. Wengine ndiyo mara ya kwanza naona mikono yao mikavu.

Muchana Amandine amefika kutoka Uvira. Ni mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu Georgette ambaye Mungu alimchukua. Amekuja na begi moja, jumeli ya chuo, ile miwani mikubwa ya kuvuta vitu vya mbali, na makaye mawili ya kuandikia. Moja ni la kuhesabia ndege. La pili amenipa minye, koko yake.

"Koko, andika kila siku kitu kidogo, utapunguza kugombeza watu."

Nimemwambia naweza kufanya yote mawili. Nimesoma miaka mitatu tu kwa masista, lakini miaka ile walifundisha. Siku hizi mutoto anamaliza chuo na bado anaandika kama kuku anayetafuta mchwa.

Amandine anaandika kile kitabu cha kumaliza masomo, wenyewe wanaita memwari. Mwaka jana walikikataa. Mwalimu wake, Madame Eliane, amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Kikikataliwa tena, baba yake Niyonzima atamrudisha Kiringye kulima mupunga, na masomo yatakuwa yamekufa. Niyonzima hakuanza leo kusema kwamba musichana wa chuo ni jembe lililofungiwa sandukuni.

17 Mei

Kazi yenyewe ni hii. Ziwa lilipopanda lilikula nyumba yangu ya zamani. Ilibaki mikaratusi saba aliyopanda marehemu Mathieu, mume wangu. Imekufa imesimama ndani ya maji, na ndege weusi wakubwa wamehamia juu yake bila kuniomba ruhusa. Wako wa aina mbili. Madame Eliane anataka kujua, ziwa likiwa limetulia hivi, ni aina gani inaongezeka. Kila asubuhi wahesabiwe, kila aina kwenye mustari wake.

Mathieu aliwaita kifua-cheupe na shingo-nyoka. Kwa mbali wote ni weusi, wote warefu, wote wakitoka majini wanatandaza mabawa juani kama nguo zilizofuliwa. Lakini kifua-cheupe ni munene, na mudomo wake umepinda mwishoni kama ndoano. Shingo-nyoka ni mwembamba, shingo rangi ya matofali, mudomo umenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Akiogelea anazamisha mwili wote, anaacha shingo peke yake, unafikiri ni nyoka anavuka.

Amandine amenieleza haya yote kama vile minye nimeshuka jana kutoka mulimani. Nimemwacha amalize, kisha nimemwambia Mathieu alinionyesha hayo kabla baba yake hajaota meno.

"Sawa koko. Yule wa tawi la juu ni nani?"

"Shingo-nyoka."

"Umemjua kwa nini?"

"Nimemjua."

Ilikuwa kweli. Amecheka, nami nimemwambia aende kuteka maji.

18 Mei

Misa. Padri amehubiri uvumilivu. Wavuvi wamelala.

24 Mei

Evariste amepita. Yeye ni mukubwa wa wavuvi wa hapa, na minye simpendi. Siku maji yalipoingia nyumbani kwangu aliokoa kwanza nyavu zake, kisha akaja kuchukua vitanda vyangu, vimekwisha kulowa.

"Mama Georgette, ndege zako hazijui sheria. Sisi tumefungwa, zenyewe zinavua asubuhi mpaka jioni."

"Nenda ukazisomee barua ya serikali."

"Nitazisomea shoka. Siku ya kufungua ziwa nitakata ile miti yote."

"Ile miti iko ya Mathieu. Kata, uone kama utalala."

Amecheka kwa meno yote. Muntu wa miaka sitini na bado anacheka hivyo.

30 Mei

Simu kutoka Kiringye. Niyonzima ameanguka kwenye mufereji, amevunjika muguu, na mupunga umeiva shambani. Amandine ni mutoto wake mukubwa, lazima aende kuvuna. Wiki sita.

Amekaa mulangoni na kaye lake la ndege magotini, hakulia, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Nikikosa wiki sita, koko, memwari imekufa."

"Juu ya nini ikufe? Minye niko wapi?"

"Weye uko na kazi zako."

"Kazi gani? Ndagala wa kuuza hakuna, ziwa limefungwa. Nitahesabu. Acha na jumeli."

Jumeli ameniachia. Ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu nimekasirika, akafunga begi lake.

1 Juni

Amandine amekwenda alfajiri. Nimepanga mambo yangu kama tunavyohesabu sahani za ndagala sisi wanawake: kwa maharage. Kifua-cheupe mumoja, haragi jeupe kwenye kopo. Shingo-nyoka mumoja, haragi jekundu. Kisha namwaga makopo, nahesabu maharage bila haraka, naandika.

Ukungu leo. Milima ya Burundi haionekani ng'ambo.

2 Juni

Ukungu.

3 Juni

Ukungu. Jumeli ya chuo ni mbovu, inaonyesha moshi tu. Nimeirudisha kwenye mufuko wake.

5 Juni

Ukungu. Ndege naziona kama vipande vya makaa juu ya matawi. Lakini nimekumbuka neno la Mathieu: shingo-nyoka manyoya yake yanakunywa maji, ndiyo maana anaanika mabawa kuliko mwenzake. Basi ndiyo njia. Aliyetandaza mabawa, haragi jekundu. Aliyefunga, jeupe. Mabawa yaliyotandazwa hata ukungu hauyafichi.

9 Juni

Jua kali. Nyekundu thelathini na moja, nyeupe sita.

10 Juni

Baridi na mawingu. Nyekundu nne, nyeupe thelathini na tatu.

12 Juni

Jua. Nyekundu ishirini na tisa.

Nimetambua jambo ambalo hata Mathieu hakulijua. Hawa ndege wanapeana zamu. Siku ya jua wanakuja shingo-nyoka, siku ya baridi wanakuja kifua-cheupe, kama walinzi wa bohari. Nimempigia Amandine simu. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa mupunga, lakini aliposikia akaamka.

"Koko, hiyo iko kitu kikubwa. Hakuna muntu ameandika hiyo. Nitaitia ndani ya memwari."

"Utie na jina langu."

"Nitatia."

Nimekula vizuri jioni hii.

16 Juni

Jua. Nyekundu nyingi.

17 Juni

Ukungu wa kiangazi hauishi mwaka huu. Watu wanachoma majani huko juu milimani, hawana akili.

21 Juni

Nimetia sukari kwenye mboga badala ya chumvi. Muuza duka anafunga chumvi na sukari kwenye mifuko sawasawa. Nimekwenda kumwambia. Amesema mifuko ya chumvi ni ya bluu. Mukaidi.

28 Juni

Ukungu. Nyeupe thelathini, nyekundu saba. Nimegonga goti kwenye mutumbwi wa Evariste, ameuvuta katikati ya njia. Anasema umekaa pale tangu Mei.

5 Julai

Leo nitaandika mengi, na vibaya.

Asubuhi nilikuwa kwenye kigoda changu na makopo yangu. Evariste akaja akasimama nyuma yangu, hakusalimu. Nikaendelea kutia maharage.

"Mama Georgette, yule wa muti wa kwanza umemutia kopo gani?"

"Jekundu. Hauoni mabawa?"

"Naona mabawa. Naona na kifua. Iko cheupe kama shati la komunyo."

Nikamwambia ukungu umemdanganya. Akainama, akatazama macho yangu. Nikaanza kuogopa kabla sijajua ninaogopa nini.

"Ukungu gani, Mama?"

"Huu. Tangu Juni. Hata Burundi haionekani."

Akachuchumaa karibu yangu. Sikumsikia akicheka.

"Mama, leo Burundi iko wazi. Naona mistari ya mashamba yao. Naona bati la nyumba moja linawaka jua. Na jana ilikuwa wazi. Juma lile lote lilikuwa wazi."

Nilimtukana. Nimetukana baba yake na nyavu zake na vitanda vyangu vilivyolowa. Alingoja nimalize, kama muntu anayengoja mvua chini ya paa.

Kisha akasema, "Sitasema kwa muntu. Lakini mutoto anaandika kitabu."

Akaondoka. Aliuvuta ule mutumbwi wake ukatoka njiani. Nilisikia unavyokwaruza muchanga.

6 Julai

Sikwenda misa.

7 Julai

Nimefunga jicho la kulia. Ukungu. Nimefunga la kushoto. Ukungu zaidi. Nimeingia ndani ya nyumba, nimefunga mulango na dirisha, nimewasha taa. Ukungu umeingia nami. Herufi hizi naziandika kubwa kama za mutoto wa darasa la kwanza, uso karibu unagusa karatasi, na nimekuwa nikijiambia ni wino mbovu wa biki.

9 Julai

Nimefikiri hivi. Hakuna ajuaye ila Evariste. Amandine atarudi, atakuta kaye limejaa, kila siku ina hesabu yake, mistari imenyooka. Madame Eliane hakukaa hapa Juni nzima, atajuaje? Mutoto atapata karatasi yake, Niyonzima atafunga mudomo, nami nitabaki koko anayejua ndege.

Mathieu hakuwahi kuongeza samaki hata mumoja kwenye hesabu ya wenzake. Alisema muvuvi mwongo anajulikana siku ya kugawana.

12 Julai

Amandine amerudi, mweusi kwa jua, mikono imepasuka. Baba yake anatembea na fimbo. Kabla hajaketi amefungua kaye.

"Koko, hata siku moja haukukosa."

"Hata moja."

Akanibusu kichwani. Amenionyesha karatasi aliyokwisha kuandika huko Kiringye, kurasa nne juu ya zamu za ndege, na jina langu juu. Nimesema naumwa kichwa, nimekwenda kulala, jua bado liko juu.

13 Julai

Nimemwambia. Alikuwa anaosha masufuria nje.

"Zile hesabu za kaye si za kweli."

"Koko, usitanie."

"Minye sioni, Amandine. Sioni ile miti kama miti. Nilihesabu mabawa. Aliyetandaza nilimwita shingo-nyoka, aliyefunga nilimwita mwenzake. Ndiyo maana wanabadilika na jua. Siyo ndege zinapeana zamu. Ni jua na baridi."

Alisugua sufuria moja mpaka nikafikiri atalitoboa.

"Na yule wa Mei? Wa tawi la juu?"

"Nilibahatisha."

"Juu ya nini haukusema? Nilikuuliza mara tatu, koko. Mara tatu."

"Muntu akiisha kusema haoni, anapewa kiti pembeni na sahani mukononi. Minye nimelea watoto sita. Sikutaka kiti."

"Na minye je? Unajua minye nilitaka nini?"

Alirudia neno lile, "mabawa," akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka. Nilimtafuta kwa mikono nikamshika. Ananuka bado mupunga.

Wiki sita za bure. Zimebaki tano mpaka wafungue ziwa.

14 Julai

Hatusemezani sana. Amechukua jumeli na kwenda kuhesabu mwenyewe. Nimepika. Chumvi nimeionja kwanza.

16 Julai

Evariste amekuja na mutumbwi.

"Kupanda siyo kuvua," akasema. "Nimeuliza mulinzi wa ziwa. Mutoto aende karibu aone vizuri. Na weye Mama, panda, utatugombeza tusipotee."

Tumekwenda watatu, polepole, mpaka chini ya mikaratusi yangu. Maji pale yananuka kinyesi cha ndege, na kuta za nyumba yangu ziko chini yetu. Evariste alizigusa na kasia ili nisikie. Ndege wakashtuka. Ndege aliyeshiba akishtuka hutapika mzigo apate kuruka. Samaki wakaanza kuanguka, mumoja majini, mumoja mapajani mwangu.

Nimemshika. Nimeshika samaki miaka hamsini. Huyu alikuwa na tundu ubavuni, safi, kama umechoma na sindano ya magunia.

"Huyu ametoka kwa shingo-nyoka," nikasema.

Amandine alikuwa na jumeli machoni. Akaishusha.

"Koko, umejuaje?"

"Amechomwa. Nipe mwingine."

Wa pili hakuwa na tundu. Alikuwa amebanwa pande mbili, magamba yamekwaruzwa, na karibu na kichwa pamechanika kidogo mahali ndoano ilipokamata.

"Kifua-cheupe."

"Ni kweli," Amandine akasema. "Nimemwona alivyomwangusha." Na tangu siku tatu ndiyo sauti yake ya kwanza yenye joto.

Tumejaza ndoo nusu. Wote ni samaki wadogo wa kwenye mawe na majani. Nimepekua mpaka chini: hakuna ndagala hata mumoja, ndege hawaibii wavuvi kitu. Nimemwambia Evariste aweke shoka lake.

Akasema shoka lilikuwa halina mupini tangu zamani.

17 mpaka 24 Julai

Kila asubuhi mutumbwi. Amandine anahesabu kwa macho, minye kwa vidole, Evariste anapiga kasia na kusema upuuzi. Anaimba vibaya. Siku ya mafuriko, amenieleza bila kuulizwa, zile nyavu hazikuwa zake, zilikuwa za wajane wawili wa Nyandwi, muvuvi aliyezama. Miaka yote hii nimemchukia kwa nyavu za wajane. Nimemwambia angesema mapema. Amesema nilikuwa sijamaliza kutukana.

27 Julai

Madame Eliane amekuja mwenyewe. Ni mwanamuke mufupi, anazungumza taratibu, viatu si vya muchanga. Amandine amemweleza yote, na la kaye la uongo pia, wala hakunificha.

Madame Eliane akasema, "Zile wiki sita lazima zifutwe. Zote."

"Futa," nikasema.

"Na hili la samaki, Mama, sitalikubali kwa kusikia tu."

Akaniomba nigeuke. Samaki kumi, kila mumoja ana uzi mukiani, Amandine ameandika nani alimwangusha. Wavuvi wamejaa nyuma yetu kama kwenye mupira. Nimeshika mumoja mumoja. Amechomwa. Amebanwa. Amebanwa. Amechomwa. Sikuharakisha. Nikafika wa kumi, nikampitisha vidoleni mara mbili.

"Huyu hakuangushwa na ndege yeyote. Magamba yamekatwa duara, pote sawasawa. Huyu amepita ndani ya wavu. Na ziwa limefungwa."

Wote wakamwangalia Evariste. Evariste akaapa kwa mama yake.

"Ni wangu," Madame Eliane akasema, sauti chini. "Nilitaka kukujaribu. Nimemnunua njiani."

Wavuvi wamecheka mpaka ndege wakaruka. Nimemshika mukono yule mama, nimemwambia akiwa Makobola aulize kwanza tarehe. Amecheka pia. Kisha, akiwa amesimama bado na samaki wake, akamwambia Amandine: hili la samaki liwe sura moja nzima, na kule mbele aandike wazi kwa nini wiki sita hazimo.

2 Agosti

Muuguzi wa zahanati ameniangalia machoni na tochi. Mutoto wa jicho, pande zote mbili. Waganga wa macho wakija Uvira watayapasua. Amandine ameandikisha jina langu. Nimegomba kidogo, kwa desturi.

15 Agosti

Wamefungua ziwa. Kelele tangu alfajiri, na harufu ya ndagala wabichi pwani yote. Mikaratusi imesimama.

30 Agosti

Amandine amesimama mbele ya walimu, nami nilikaa nyuma na kitenge changu kipya. Walimuuliza maswali mengi juu ya wiki zile sita. Alijibu: "Aliyehesabu alikuwa haoni vizuri. Ni koko yangu. Alinieleza mwenyewe." Muntu mumoja akaguna. Sikuinama.

Amefaulu. Wamempa satisfaksio, alama ya kutosha. Bila macho yangu ingekuwa distinksio, ile ya juu, nimemwambia hivyo njiani. Amesema bila vidole vyangu ingekuwa Kiringye.

Niyonzima amekuja na fimbo yake, ameshika ile memwari kwa mikono miwili, hajui kusoma, amefungua kurasa zote moja moja. Jina langu limo mara mbili: mara moja kwenye makosa, mara moja kwenye samaki. Nilitaka liwe kwenye shukrani tu. Basi.

4 Septemba

Amandine yuko Uvira. Nimekaa kwenye kigoda bila makopo. Asubuhi nzima sikuona kitu ng'ambo. Evariste alipopita na nyavu zake nimemwita.

"Evariste, niambie kweli. Milima ya Burundi iko?"

Aligeukia ziwa, akaangalia.

"Leo hapana, Mama Georgette. Leo hata minye sioni."

Ukungu.